Gitaa Lisilo na Uvumi

Majirani zangu hapa Tandika waliliita gitaa langu cherehani. Sikuwalaumu sana, kwa kuwa mtu anayeliona kwa mara ya kwanza huliona linafanana na cherehani kuliko gitaa. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya miguu minne ya chuma, na mpigaji hukaa nyuma yake kama fundi nguo, nyayo zake juu ya makanyagio na magoti yake kati ya nyenzo zinazoning'inia chini ya ubao. Nyuzi ni kumi. Vidole vya mkono wa kushoto havizikandamizi. Mkono huo hushika kipande cha chuma cha mviringo na kuteleza nacho juu ya nyuzi, huku mkono wa kulia ukizidonoa kwa kucha za bandia. Ukikanyaga kanyagio, uzi mmoja au nyuzi mbili hukazwa zingali zikilia, na sauti hupanda bila kukatika, mfano wa mtu anayeinua uso kabla ya kutamka neno zito.

Nililipiga gitaa hilo katika kwaya ya usharika wetu kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kukutana na mtu mwingine mwenye chombo cha namna hiyo katika jiji hili. Sisemi kwamba hakuwapo. Nasema sikukutana naye. Nimefundisha fizikia muda wa kutosha kuijua tofauti ya kauli hizo mbili.

"Mwalimu, shikamoo! Leo unashona nini, suruali au gauni?" mama muuza vitumbua wa mbele ya nyumba yetu alikuwa akiniuliza kila Jumamosi nilipofungua dirisha nifanye mazoezi.

"Marahaba," nilikuwa nikijibu, na swali la pili nikiliacha bila jibu.

Gitaa lenyewe niliachiwa na mgeni mmoja, mtaalamu wa visima, aliyekuwa akisali nasi. Siku ya kurejea kwao alisema ananiachia mimi kwa sababu katika usharika mzima ni mimi peke yangu niliyemwuliza linavyofanya kazi. Wengine wote walimwuliza linauzwa wapi. Nilijifunza kulipiga kwa kusoma kitabu chake, ukurasa kwa ukurasa, na kila uzi niliupima kwa kipimio kidogo chenye mshale alichoniachia pamoja nalo. Mshale ukisimama katikati, uzi uko sawa. Ukiegemea kushoto, uzi umelegea. Niliupenda mshale ule kwa sababu haukuwa na maoni.

Nililinda gitaa hilo kwa wivu ambao mke wangu alisema hakuwahi kuonewa yeye. Mtoto hakuligusa. Mwanakwaya hakulibeba. Nilipogundua siku moja kwamba joto na unyevu wa Dar es Salaam vimeupasua ubao wake kwenye kiungo, nilikaa kitandani nikiwa nimelilaza mapajani, sijui la kufanya.

"Wanasema kuna fundi wa vinyago kule Mtoni," mke wangu akasema. "Wanasema mkono wake hauna mfano."

"Wanasema akina nani?"

"Haya yameanza. Wanasema watu, baba watoto."

"Watu gani? Wameona kazi yake, au nao wamesikia kwa watu?"

"Basi nenda ukamwone kwa macho yako mawili, kisha urudi unieleze mie niliyeamini ya kusikia."

Nilikwenda. Nilimkuta mtu wa makamo, mdogo kwangu kwa miaka michache, ameketi kwenye gogo nyuma ya nyumba yake, miguu imejaa vumbi jeusi la mpingo. Alikuwa mtu wa kusini, Mwislamu, na tangu ujana wake alichonga vinyago vya kuuzia watalii. Aliniambia mwenyewe kwamba vimemchosha, kwa kuwa mteja hutaka kile kile alichokinunua jirani yake. Aliniamkia, akanawa mikono, kisha akalitazama gitaa langu kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyeweza kusema.

"Naweza kulipindua, mwalimu?"

"Lipindue. Lakini skrubu usiziguse."

Lilikaa kwake juma zima, miguu juu. Kila siku nilikwenda kulitazama, na kila siku nilimkuta kakaa mbele ya tumbo lile la vyuma na vijiti, hana futi, hana kalamu, hana hata kipande cha karatasi. Mara mojamoja alinyoosha shibiri yake juu ya kijiti kimoja, akaikunja, akatikisa kichwa. Nilimhurumia. Nilidhani ni mtu anayetaka kuelewa na asiyejua kwamba kuelewa kunahitaji vipimo.

Siku ya kulichukua nilikwenda na mke wangu. Nilipitisha ukucha pale palipokuwa na ufa, nikapitisha tena, sikupaona. Nilivaa miwani, sikupaona. Nilitaka kumwambia kwamba katika maisha yangu sijapata kuona kiungo kama kile, lakini sina mazoea ya kusifu kazi mbele ya mwenye kazi, nikasema tu, "Umejitahidi."

"Lipige kidogo basi, mwalimu, nisikie."

Nililichomeka kwenye spika ndogo niliyokuja nayo, nikapiga ubeti mmoja wa wimbo wa kuabudu. Yeye aliweka kiganja chake juu ya mguu wa gitaa, akafumba macho mpaka nilipomaliza.

"Zuri," akasema. "Ila halina uvumi."

Moyo wangu ulichangamka. Hapa, nilijiambia, nimekutana na mtu anayenifahamu. "Ahsante sana, fundi," nikasema. "Hata mimi mwenyewe uvumi siutaki. Maisha yangu yote nimeupiga vita."

Yule bwana alinitazama, akamtazama mke wangu. Mke wangu alijifunika mdomo kwa upindo wa khanga.

Katika bajaji, njia nzima, mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilipomwuliza, alijifuta macho. "Hakukusifu, baba watoto. Uvumi alioutaja si wa umbeya. Ngoma inavuma, upepo unavuma. Amekwambia gitaa lako ukishalidonoa linanyamaza upesi. Halivumi."

Nilipofika nyumbani nilifungua kamusi kabla ya kuvua viatu. Maana zote mbili zilikuwamo, na ile aliyoitumia fundi ilikuwa halali kama yangu. Nikapiga uzi mmoja, nikahesabu. Nikaupiga tena, nikahesabu. Ni kweli: ulikufa kabla sijafika nilipotaka ufike. Miaka yote ile nilikuwa nikijaza kimya kwa kudonoa haraka haraka, na nilikuwa nimeuita upungufu huo mtindo wangu.

Hapo ndipo wivu ulipoingia, na naandika neno hilo bila kulipamba. Sikumwonea wivu kwa sababu alijua kuchonga. Kazi hiyo ni yake. Nilimwonea wivu kwa sababu aligusa mguu wa chombo changu kwa kiganja, kwa muda wa ubeti mmoja, akajua jambo ambalo mimi, niliyewafundisha watoto wa watu mawimbi na mitetemo, nililala nalo chumba kimoja bila kulijua.

Mvua za vuli zikapita, na za masika, na vuli nyingine. Siku moja kiongozi wa kwaya yetu, mama mchangamfu ambaye niliwahi kumfundisha akiwa kidato cha pili, alinisimamisha baada ya ibada.

"Shikamoo mwalimu. Umelisikia gitaa alilochonga yule fundi wako wa Mtoni?"

"Marahaba. Sijalisikia. Nimesikia kwamba lipo. Si jambo moja."

Alicheka. "Wewe bwana! Sie tumelisikia. Alikuja kufunga mimbari mpya, akaja nalo, akatupigia nyuzi tatu tu, mwalimu, tatu! Wazee wa besi wakavua kofia. Sasa ishu ni hii. Mwezi ujao tunarekodi. Wengine tunataka turekodi na lile. Wengine wanasema gitaa la kuchongwa uani, tutachekwa. Tumekubaliana kitu kimoja: uende wewe ukalipime. Ukisema linafaa, tunarekodi nalo, na utalipiga wewe mwenyewe. Ukisema halifai, tunabaki na cherehani yetu." Akashika mdomo. "Samahani, mwalimu. Namaanisha gitaa lako."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe husemi usilolijua. Neno lako ndilo la mwisho." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na fundi mwenyewe, nasikia, kaacha vinyago karibu mwaka mzima kwa ajili ya gitaa lile. Nasikia amesema kwaya ikilikataa, ataubomoa ubao atengeneze stuli."

Hayo yalikuwa ya kusikia, kwa hiyo nilipofika Mtoni nilimwuliza mhusika mwenyewe.

"Kweli," akasema, akiwa anapuliza vumbi kwenye kiti anikaribishe. "Gitaa lisilopigwa ni mbao tu, mwalimu. Na mbao mie siziweki. Mninga mzuri namna hii, bora ukaliwe."

Kisha akavuta kitambaa.

Nitaeleza nilichokiona, kwa sababu nilikitazama kwa chuki, na chuki huona vizuri. Mwili ulikuwa wa mninga, kipande kimoja, mishipa yake ikitiririka kutoka upande wa vichwa vya nyuzi hadi upande wa pili bila kukatwa popote. Juu yake aliweka ukanda wa mpingo uliong'arishwa mpaka nyuzi zikaonekana mara mbili. Pale nyuzi zinapopumzikia kabla ya kufungwa, alitia mfupa wa ng'ombe alioufuata mwenyewe machinjioni Vingunguti, akauchemsha, akausugua mpaka ukafanana na pembe ya ndovu. Vijiti vya kuvutia nyuzi vilikuwa spoku za pikipiki. Sumaku ya kunasa sauti aliizungushia waya mwembamba wa feni iliyoungua. Vyuma vya kukazia alikerezewa Manzese. Na kile chuma cha mkononi, ambacho changu kilikuja kimefungwa ndani ya kiboksi chenye kitambaa, yeye alitumia pini ya pistoni ya lori, aliyoiokota Kurasini kwenye yadi ya makontena.

Nikasema, "Pindua."

Nilitarajia kuliona lile tumbo, mahali ambapo fundi yeyote huficha uvivu wake. Alilipindua. Upande wa chini, ambao hakuna msikilizaji atakayeuona maadamu dunia ipo, ulikuwa umepigwa msasa na kupakwa nta sawasawa na upande wa juu. Vijiti vililala sambamba kama mistari ya daftari. Sikupata pa kutia kidole.

"Ulijuaje urefu wa hivi vijiti?" nikauliza. "Hukupima cha kwangu."

"Nilipima." Akanyoosha shibiri yake. "Huu mkono siuachi nyumbani."

Nikaketi. Nikavaa kucha, nikashika pini ya lori, nikadonoa nyuzi tatu, nikakanyaga. Sauti ilipanda na kukaa. Ilikaa. Nilitoa mikono yangu nikaiweka mapajani, na ingali inakaa, nene, ya joto, haina mtikisiko, mpaka nikasikia aibu kama mtu anayesikiliza mazungumzo yasiyomhusu. Nikapiga wimbo wangu wa miaka yote, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kuharakisha. Palikuwa na nafasi. Ningeweza kuvuta pumzi kati ya noti na noti. Nilimchukia yule mtu aliyesimama pembeni ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili.

Kisha nikatoa kipimio mfukoni.

Hapa lazima nieleze jambo la kisayansi, kwa sababu uovu wangu ulijificha ndani yake. Nyuzi mbili zinapolia pamoja na mitetemo yake isikubaliane, sikio husikia sauti ikipanda na kushuka, mfano wa feni iliyopinda. Mitetemo ikikubaliana, kupanda na kushuka huko hutoweka, na nyuzi mbili huwa kama mtu mmoja. Sasa, kipimio changu kilitengenezwa kwa kufuata kinanda, na kinanda hugawa ngazi ya sauti katika hatua zilizo sawa. Hukosea kidogo kila mahali ili kisikosee sana mahali popote. Mtu anayekaza nyuzi kwa sikio, akitafuta ule utulivu, atauweka uzi wa tatu na wa sita chini kidogo ya pale mshale unapotaka. Hajakosea. Amepatia kuliko mshale. Nililijua jambo hilo, kwa kuwa kitabu changu mwenyewe kililieleza katika sura ambayo miaka yote niliiruka, kwa sababu ilimwambia msomaji aamini masikio yake.

Nikadonoa uzi wa tatu. Mshale ukaegemea kushoto. Nikadonoa wa sita. Kushoto.

"Uliukaza kwa kutumia nini?" nikamwuliza.

"Kwa kuimba. Baba yangu alichonga marimba. Alikuwa anaimba, anachonga, anaimba, mpaka ubao ukubali."

Nikaandika kwenye daftari langu. Jumatano ile nilisimama mbele ya kwaya nikasoma: "Kazi ya mbao ni nzuri. Hata hivyo nyuzi mbili, wa tatu na wa sita, ziko chini ya kipimo. Chombo hakiendani na kinanda." Kila neno lilikuwa kweli. Ningeweza kuapa kwa kila neno peke yake. Kiongozi wa kwaya aliinamisha kichwa, akasema, "Basi, mwalimu kapima," na hakuna aliyebisha.

Mke wangu aliniuliza wakati wa chakula. "Kwani lilikuwa baya?"

"Kipimio kilionyesha kwamba nyuzi mbili..."

"Sikuuliza kipimio kimesema nini. Hiyo nayo si habari ya kusikia? Nimeuliza wewe."

Nilimwomba chumvi.

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, guta la mizigo lilisimama mbele ya nyumba, na juu yake kulikuwa na gitaa limeviringishwa kwa blanketi. Fundi alikuwa akilisukuma guta kwa nyuma. Nilidhani amekuja kunigombeza, nikajiandaa. Nilikuwa na hoja za kutosha.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani kukuvamia. Nimekuja unifundishe kipimo."

"Kipimo gani?"

"Hicho chenye mshale. Mama wa kwaya kaniambia tatizo ni nyuzi mbili tu. Nikasema, nyuzi mbili si kitu. Tukizirekebisha, utalipima tena, si ndiyo?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Tuliliweka ukumbini. Nikachukua kipimio, yeye akashika ufunguo wa kukazia, na nikawa namwelekeza: kaza, kaza kidogo, kidogo tena, hapo. Mshale wa uzi wa tatu ukasimama katikati. Akadonoa uzi ule pamoja na wenzake. Ile feni iliyopinda ikaanza kuzunguka ndani ya sauti.

Fundi akakunja uso. "Hapo ndipo?"

"Mshale unasema ndipo."

"Mie nasikia kama mtu anatetemeka." Akadonoa tena, akainamisha kichwa, sikio karibu na nyuzi. "Basi ni haya masikio. Unajua, leo asubuhi nimekwenda zahanati nikasafishwa masikio. Nesi akasema hayana uchafu, ni mazima. Nikamwambia hapana, mama, tazama vizuri, yameharibika, mwalimu kapima kwa chombo. Akasema labda ni umri." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kukubali. "Miaka arobaini nayategemea haya. Hata ubao naukata kwa kuugonga na kuusikiliza. Sasa sijui nitakuwa nachonga kwa nini."

Akashika kichwa cha uzi wa sita, akaanza kukaza.

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Nilimtazama yule mtu akipandisha uzi, akinitazama usoni kwa kila mzunguko kama mwanafunzi anayengoja tiki, na nilisikia ule utamu ukiondoka katika chombo chake, ukiondoka kwa amri yangu. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilifurahi. Lingekuwa kama langu. Tungekuwa sawa.

"Acha," nikasema.

"Imefika?"

"Acha. Rudisha."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pale ulipokuwa umepaweka wewe. Na ule wa tatu pia."

"Mshale utatoka nje, mwalimu."

"Utatoka nje."

Aliondoa mkono kwenye ufunguo. Alikuwa mtu mpole, lakini si mjinga. "Siku ile uani kwangu," akasema polepole, "masikio yako wewe yalisikia nini?"

"Yalisikia vizuri. Sijapata kusikia vizuri namna ile. Nikaandika mengine."

Nje mama wa vitumbua alisikika akibishana na mteja juu ya mafuta.

"Ungenitukana, mwalimu," hatimaye akasema. "Ungesema fundi huyu mshamba, gitaa lake bovu. Ningekuelewa, ningekwenda zangu. Lakini wewe umenipeleka zahanati."

Mke wangu alileta chai. Fundi alikunywa nusu kikombe kwa heshima yake yeye, si yangu. Kisha akazirudisha zile nyuzi mbili kwa kuimba, kwa sauti ndogo ya puani, akilifunika tumbo la gitaa kwa kiganja chake, na hakunitazama tena hata mara moja mpaka alipolipakia.

Jumatano iliyofuata nilisimama mbele ya kwaya. Nilikuwa nimeandika maneno, nikayaweka mfukoni. Nikasema kwamba gitaa la fundi linafaa, kwamba lilifaa tangu siku ya kwanza, na kwamba taarifa yangu ilikuwa na ukweli katika kila neno na uongo kwa jumla yake.

"Sijaelewa, mwalimu," kiongozi wa kwaya akasema. "Lilifaa, na ukasema halifai. Kwa nini sasa?"

"Wivu."

Kisha mzee mmoja wa besi, ambaye kwa miaka ishirini ameimba nyuma ya mgongo wangu, akasema kwa ile sauti yake ya pipa: "Mwalimu kaonea wivu ubao!" Wakacheka, soprano kwa besi, mpaka wengine wakakaa chini. Nilisimama nikawangoja wamalize, kama nilivyokuwa nikiwangoja watoto wa kidato cha pili. Sikuketi mpaka waliponyamaza. Niliona ni haki yao.

Tulirekodi. Nilipiga mimi, kwenye mninga wake, na naweza kusema bila majivuno kwamba nilipiga vema. Mtu hawezi kupiga vibaya juu ya sauti ile isipokuwa akusudie. Langu liko chumbani chini ya shuka. Nilijaribu kulikaza kwa sikio, kama kitabu kilivyoshauri, na limekuwa tamu kuliko zamani, lakini linanyamaza pale pale linaponyamaza. Hilo halirekebishiki kwa ufunguo. Liko katika mti.

Fundi huniamkia tunapokutana, nami huitikia. Hajanisamehe kwa maneno, wala mimi sijaomba kwa maneno zaidi ya yale niliyoyasema mbele ya kwaya, ambayo najua yalimfikia kwa sababu mama wa vitumbua aliyapata kabla sijafika nyumbani. Watu wakiisikia rekodi yetu huuliza, "Nani kachonga gitaa hilo?" Mpaka leo sijasikia hata mmoja aliyeuliza nani kalipiga. Kila mara linanichoma, na kila mara nataja jina la fundi na mtaa wake, kwa ukamilifu, kama mtu anayemeza dawa.

Mwezi uliopita aliniita. Usharika mmoja wa upande wa Kinondoni umeagiza gitaa, na alitaka masikio ya pili kabla hajaweka nyuzi. "Njoo, mwalimu," alisema kwenye simu. "Lakini ukija na kile kidude chenye mshale, nakufungulia mbwa."

Nilikwenda mikono mitupu. La pili ni la mti wa mkongo. Alikuwa amelining'iniza kwa kamba, ubao mtupu, bila chuma hata kimoja. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasogea pembeni, akanipisha nisikilize. Niliusikiliza mlio wake mpaka mwisho. Ulichukua muda mrefu kufika mwisho kuliko ule wa kwanza.

"Unasemaje?" akaniuliza.

"Ni bora kuliko ninalolipiga mimi."

"Nami naona hivyo," akasema, akaanza kuupangusa.

Wanasema mpigaji wake atakuwa kijana wa kwaya yao, na kwamba ana kipaji. Hayo ni ya kusikia; simjui, sijamsikia akipiga, sina ushahidi wa lolote juu yake. Namwonea wivu hata hivyo.